Majitaka ya hospitali yenye antibiotiki: mwongozo kamili wa kuyasafisha kwa bakteria, kuanzia famasi mpaka kwenye tope

Watu wengi wakipewa kazi ya majitaka ya hospitali wanachowaza kwanza ni shimo, ukubwa wa tenki, bei ya zege, nani ataleta pampu. Mi nakwambia nenda famasi kwanza. Kaa na mtu wa stoo ya dawa, omba leja ya miezi 3 iliyopita, andika kila antibiotiki iliyotoka kwenda wodini na idadi yake, maana kinachoingia kwa mgonjwa ndio kinachotoka chooni, na usipojua nini kinakuja utajenga mfumo wa kusafisha kinyesi alafu uuite mfumo wa hospitali.

Hapa naongelea hospitali ya saizi ya wilaya, vitanda kama 100, sehemu ambayo bomba kuu la mamlaka ya maji halijafika, na hospitali zetu nyingi Tanzania ziko hivo. Umeme unakatika, hela ya mitambo mikubwa haipo, fundi ni mmoja na ana kazi zingine tano. Mfumo ninaoueleza unaweza kuendeshwa katika hali hiyo.

Na kwanini tuhangaike na antibiotiki wakati viwango vyetu vya TZS 860 vinataka BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kula uchafu wa kwenye maji) isizidi 30, COD (oksijeni ya kuunguza uchafu huo kwa kemikali) isizidi 60, vitu vinavyoelea visizidi 100 (zote miligramu kwa lita), na wakaguzi wa mazingira wakija wanapima hivo? Kwasababu mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa vimelea sugu, na bomba la hospitali ni mahali ambapo bakteria wa tumboni, dawa kidogo kidogo na joto vinakutana kila siku. Bakteria wakishapata mbinu ya kuihimili dawa wanagawana vinasaba wenyewe kwa wenyewe, hata wa aina tofauti. Maji yanaweza kutoka meupe kabisa, BOD imefaulu, na bado yamebeba usugu kwenda kwenye mto unaomwagilia mchicha.

Hatua ya 1: Hesabu ya leja

Chukua mfano wa Cipro. Tuseme wodini vinatumika vidonge 200 vya miligramu 500 kwa mwezi, hiyo ni gramu 100. Karibu nusu ya dawa hii inatoka kwenye mkojo ikiwa nzima kama ilivyomezwa, weka asilimia 45, kwaiyo gramu 45 kwa mwezi, gramu 1.5 kwa siku. Kama hospitali inatoa majitaka lita 30,000 kwa siku unapata maikrogramu 50 kwa kila lita. Sasa kiwango ambacho watafiti wanakitumia kama mpaka wa Cipro, yaani chini ya hapo usugu hautarajiwi kuchochewa, ni maikrogramu 0.064 kwa lita. Umezidi karibu mara 780, na hii ni hospitali ya kawaida tu inayotibu watu vizuri, hakuna aliyekosea. (Ya wagonjwa wa nje usihesabu, wanaenda nayo nyumbani.)

Fanya hivo hivo kwa kila dawa alafu zigawe kwa tabia, maana hazifanani kabisa.

Amoksilini na ndugu zake, pamoja na seftriaksoni, zina kile kipete cha beta-laktamu ambacho kinavunjika kirahisi kwenye maji na vimeng'enya vya bakteria wanakimaliza haraka. Ndio maana zinatumika kwa wingi kuliko zote lakini ukipima majitaka unazikuta kidogo. Usishangilie sana, dawa imeisha ila bakteria waliojifunza kuivunja ndio hao wamebaki.

Flagyl, yaani metronidazo, ni kinyume, kwenye tenki lenye hewa nyingi inaweza kupita kama haijaona kitu. Inavunjika vizuri pale ambapo hewa HAKUNA. Kumbuka hili ukifika kwenye kujenga.

Septrin ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Trimetoprimu inavunjwa vizuri na tope la zamani (tope ni bakteria na uchafu vilivyojikusanya ndani ya tenki) lenye bakteria wanaokula amonia. Salfametoksazoli inasafiri na maji, haishiki kwenye tope, na mwili wa mgonjwa huwa unaibadilisha sehemu yake alafu bakteria wa kwenye majitaka wanairudisha kuwa dawa tena, kwaiyo usishangae ukipima ukakuta inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia.

Cipro na doksisaiklini zenyewe zinaganda kwenye tope. Maji yanatoka na dawa kidogo, ukafurahi, kumbe dawa imehamia tu kwenye tope lako na imekaa humo inasubiri. Jenta (jentamaisini) nayo inatoka mwilini karibu yote ikiwa nzima, na ina tabia ya kunata.

Kwaiyo tunahitaji sehemu isiyo na hewa, alafu sehemu yenye hewa ambayo bakteria wake ni wakongwe, alafu jua, na mpango wa tope unaoeleweka.

Hatua ya 2: Zuia vitu vinavyoua kabla havijafika

Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Antibiotiki kwa kiwango kinachofika kwenye tenki mara nyingi haiui bakteria wako, kiwango ni kidogo, kazi yake mbaya ni kuchagua wale sugu. Kinachoua mfumo ni dawa za usafi. Klorini, glutaraldehaidi, fomalini ya mochwari, zile sabuni za kuua vijidudu.

Piga hesabu ya klorini. Ndoo ya lita 20 ya mchanganyiko wa 0.5%, ule wa kuloweka vyombo, ina gramu 100 za klorini. Ndoo moja kwenye lita 30,000 haina neno, uchafu wa kwenye chemba ya kwanza unaimaliza. Lakini kama thieta, leba, maabara na dobi wote wanamwaga ndoo zao saa 1 asubuhi zamu inapobadilika, hapo umepeleka ndoo 10 kwa mpigo mmoja. Ongea na matroni wapangiane muda, wengine asubuhi wengine jioni, na wasichanganye kali kuliko inavyotakiwa. Kikao cha nusu saa, na kitakuokolea tenki zima.

Kuna sehemu nimewahi kusimamia mfumo, amonia ya kutoka ilikuwa imetulia kwenye miligramu 3 kwa lita, asubuhi moja napima nakuta 38. Nikazunguka wodi zote. Kumbe kuna madumu ya glutaraldehaidi iliyopita muda yalikuwa yanajaza stoo, mtu akaambiwa ayatoe, akayamwaga kwenye sinki. Bakteria wa amonia walichukua wiki 5 kurudi. Yule mtu hakuwa na kosa, hakuna aliyewahi kumwambia sinki linaenda wapi, na tangu siku hiyo kila sinki la mfumo wangu lina kibao cha maandishi makubwa.

Vitu vya kukataza kwenye sinki na choo:

- Dawa zilizopita muda na mabaki ya vichupa vya sindano. Hizo ni za tanuru la joto kali au kurudishwa kwa utaratibu wa dawa mbovu, sio za kumwaga.
- Vimiminika na katriji za GeneXpert (mashine ya maabara ya kupima TB na magonjwa mengine). Baadhi zina kemikali ya thayosayaneti ambayo ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu ya sayanaidi. Waambie maabara kwa herufi kubwa kwamba katriji hazilowekwi kwenye JIK.
- Glutaraldehaidi, mpaka izimwe kwanza kwa glaisini au sodiamu baisalfaiti.
- Fomalini ya mochwari na patholojia.
- POP (plasta ya kufungia mifupa iliyovunjika). Haiui bakteria ila inaziba bomba ikawa jiwe, weka chemba ya kunasa chini ya sinki la chumba cha POP.
- Mafuta ya jikoni, nayo yawekewe chemba yake ya kunasa.
- Maji ya mvua. Mvua za masika zikiingia kwenye mfumo zinasomba bakteria wako wote mpaka nje.

Hatua ya 3: Pima, usikisie

Funga mita kwenye bomba la kuingiza maji hospitali au tumia ndoo na saa kwenye chemba ya mwisho, kila saa moja kwa siku 3, mojawapo iwe Jumatatu maana Jumatatu wagonjwa wa nje (OPD) wanafurika. Mwongozo wa WHO unaweka maji ya chini kabisa ya kuhudumia mgonjwa aliyelazwa kuwa lita 40 mpaka 60 kwa siku, lakini ukijumlisha dobi, jiko, thieta, ndugu wa wagonjwa na wafanyakazi inaweza kufika lita 200 hadi 400 kwa kitanda. Mi hapa natumia lita 300 kwa kitanda, yaani mita za ujazo 30 kwa siku, na kwa vile mengi yanakuja mchana naweka kilele cha mita za ujazo 3 kwa saa. Peleka sampuli maabara wapime BOD, amonia, pH na ualkali (uwezo wa maji kuhimili tindikali). Kwa mfano wetu chukua BOD 350 na amonia 50 (miligramu kwa lita, sawa na gramu kwa mita ya ujazo), alafu we weka namba zako.

Hatua ya 4: Sehemu isiyo na hewa

Anza na chemba ya kutuliza ya mita za ujazo 30, maji yanakaa kama siku moja, mizigo mizito inazama. Baada yake jenga chemba 5 zilizofuatana ambapo maji yanashuka kwa bomba mpaka chini kabisa alafu yanapanda taratibu kupita kwenye tope, kisha yanaruka kwenda inayofuata. Kupanda taratibu ndio siri yenyewe, yasizidi mita 0.9 kwa saa, la sivyo yanabeba tope. Kwa kilele chetu cha mita za ujazo 3 kwa saa, kila chemba iwe na eneo la mita za mraba 3.5, kina cha maji mita 2, kwaiyo mita za ujazo 7 kila moja, jumla 35. Haitumii umeme kabisa, mteremko tu unafanya kazi. Weka bomba la kutolea gesi refu kupita paa, na mtu asiingie humo ndani kienyeji hata siku moja, gesi ya mashimo haya inaua watu na waokoaji wao.

Hapa Flagyl inapata kiama chake, na salfametoksazoli na trimetoprimu nazo zinapungua. BOD ikienda vizuri inashuka kwa asilimia 60 mpaka 70, weka inatoka 140. Amonia haishuki, inaweza hata kupanda kidogo, usiogope.

Hatua ya 5: Sehemu yenye hewa

Hapa ndio moyo wa mfumo, nitakaa kidogo.

Bakteria wanaokula uchafu wa kawaida wanazaana haraka. Wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanazaana polepole sana, wanahitaji siku nzima au zaidi kujigawa mara moja, na ndio hao ambao kimeng'enya chao cha kushika amonia kinashika na dawa pia, kinazivunja bila hata wao kupata chakula humo. Kwaiyo kama tope lako ni changa, linasombwa na kubadilishwa kila wiki, hawa hawapo. Kwa tenki la tope linaloelea unatakiwa ulitunze umri wa siku 15 mpaka 20 kwenda juu. Shida ni kwamba tope la kuelea linataka mtu wa kulisimamia kila saa, likigoma kuzama limeondoka lote na maji.

Ndio maana kwa hospitali ya wilaya mi napendekeza vile vipande vidogo vya plastiki vya saizi ya sentimita 1, vina matundu kama magurudumu, vinazungushwa na hewa ndani ya tenki na bakteria wanajenga utando juu yake. Utando haukimbii na maji, unazeeka pale pale, ndani yake kuna tabaka la juu lenye hewa na la ndani lisilo na hewa. Tafiti za Ulaya kwenye majitaka ya hospitali zimeonyesha utando kama huu unavunja baadhi ya dawa ambazo tope la kawaida linaziacha.

Kupata ukubwa: amonia ni gramu 50 × 30 = gramu 1,500 kwa siku. Kwa joto letu weka kwa tahadhari gramu 0.5 kwa kila mita ya mraba ya utando, unahitaji mita za mraba 3,000. Vipande vya kawaida vinatoa mita za mraba 500 kwa kila mita ya ujazo, kwaiyo mita za ujazo 6 za vipande. Kwa BOD iliyobaki ya gramu 4,200 weka gramu 5 kwa mita ya mraba, unapata mita za mraba 840, kama mita za ujazo 2 za vipande ukizidisha kidogo. Jenga chemba mbili, ya kwanza mita za ujazo 8 yenye mita za ujazo 2 za vipande, ya pili mita za ujazo 12 yenye mita za ujazo 6 za vipande. Usipite nusu ya tenki kwenye kujaza, haviwezi kuzunguka. Weka wavu wa chuma kisichoshika kutu kwenye njia ya kutokea, matundu madogo kuliko kipande, maana vikitoka vyote vinaishia kwenye mto.

Usiziunganishe hizo chemba mbili kuwa moja ili kubana zege. Wale wanaozaana haraka wakikaa pamoja na wa amonia wanawafunika na kuwanyima hewa.

Hewa: kila gramu ya amonia inakula gramu 4.57 za oksijeni, hapo kilo 6.9 kwa siku, ongeza kama kilo 4.6 za BOD, jumla kilo 11.5. Mita ya ujazo ya hewa ina oksijeni kama kilo 0.28 ila kwenye tenki la kina cha mita 3 inayoyeyuka ni kama asilimia 7 tu, kwaiyo unahitaji mita za ujazo 23 mpaka 25 kwa saa. Nunua blowa (mashine ya kupuliza hewa) mbili za mita za ujazo 35 mpaka 40 kwa saa, zipokezane. Moja tu ikifa Ijumaa jioni, Jumatatu huna bakteria. Laini yake ya umeme iunganishwe kwenye jenereta ile ya thieta, pigania hili tangu siku ya kwanza ya ramani, baadae hawatakusikiliza.

Kitu kingine kinachosahaulika ni ualkali. Kila gramu ya amonia inakula gramu 7.14 za ualkali, amonia 50 inataka kama miligramu 357 kwa lita. Hospitali inayotumia maji ya mvua kwenye matenki ualkali wake ni mdogo sana, pH itaporomoka mpaka 6 na bakteria wataacha kazi bila kelele. Dawa yake ni chokaa kidogo au soda, weka taratibu mpaka unaotoka ubaki angalau 80 hivi.

Hatua ya 6: Kutuliza, matete, jua, klorini

Baada ya hewa weka chemba ya kutuliza yenye uso wa mita za mraba 5, pampu ndogo irudishe tope la chini kwenye chemba ya kwanza kabisa. Kisha maji yapite kwenye vitanda viwili vya kokoto vyenye matete, kila kimoja mita za mraba 200, maji yawe na kina cha sentimita 60 na yabaki chini ya uso wa kokoto ili mbu wasizaane, kokoto za milimita 10 mpaka 20, chini umetandika plastiki nzito au udongo wa mfinyanzi. Maji yatakaa kama siku 3. Matete ya mtoni kwetu yanafaa sana na yapo kila mahali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi nyingi ya mabwawa ya aina hii.

Eneo likiruhusu ongeza bwawa la wazi lenye kina kifupi, nusu mita mpaka mita moja. Cipro na ndugu zake zinavunjwa na mwanga wa jua, na jua tunalo la kutosha, ila maji yawe yameshakuwa maangavu maana kwenye maji ya tope mwanga haupenyi. Kingo ziwe za zege au mawe na nyasi zifyekwe kila wiki, kwasababu ya mbu. Samaki usipande, watu watawala.

Klorini iwe ya mwisho kabisa, ikae dakika 30 na ibaki miligramu 0.5 kwa lita. Kama amonia bado ipo klorini inaungana nayo na nguvu inapungua sana, ndio maana nilisisitiza kule kwenye hewa. Na ujue klorini inaua bakteria lakini vinasaba vya usugu vinaweza kubaki vikielea.

Niseme ukweli hapa. Mfumo huu hautakufikisha kwenye ile 0.064 ya Cipro kwenye mlango wa kutokea. Utapunguza sehemu kubwa, kinachobaki kinategemea jua na wingi wa maji ya mto. Wenye hela wanaongeza hatua nyingine, hospitali ya Herlev nchini Denmark walijenga mtambo wa bakteria na utando wa kuchuja, wakaongeza kaboni, ozoni na mwanga wa UV, na Uswisi tangu 2016 sheria inataka mitambo mingi mikubwa ya miji iongeze ozoni au kaboni. Kwetu bora mfumo unaofanya kazi kila siku kwa miaka 20 kuliko mashine ya ozoni iliyofunikwa turubai kwasababu spea haipatikani.

Hatua ya 7: Kuamsha bakteria

Usifungue maji yote siku moja. Leta tope la mbegu kutoka mfumo wa majumbani unaofanya kazi vizuri, jaza kama robo ya kila chemba isiyo na hewa, ukikosa kabisa samadi ya ng'ombe mbichi iliyochujwa inasaidia. Anza na robo ya maji, ongeza robo kila baada ya wiki 3 au 4. Sehemu isiyo na hewa inakomaa baada ya miezi 3 mpaka 6. Kwenye vipande, wiki 2 za kwanza utaona povu jeupe jingi na plastiki bado safi, watu watakwambia umeibiwa, subiri. Wiki ya 4 mpaka ya 8 unaona utando mwembamba wa kahawia, amonia inaanza kushuka, naitreti inapanda. Rangi hiyo ya kahawia ndio unayoitaka. Ukiwa mweusi mnene wenye harufu ya yai bovu, hewa haitoshi au mzigo umezidi.

Kila siku, kila wiki

Daftari moja, kalamu imefungwa kwa kamba. Kila siku andika oksijeni (chemba ya pili yenye hewa iwe miligramu 3 mpaka 4 kwa lita), pH (6.8 mpaka 7.8), rangi, harufu, blowa ipi imefanya kazi, umeme ulikatika saa ngapi. Mara mbili kwa wiki pima amonia na naitreti kwa karatasi za kupimia. Amonia ndio king'ora chako, bakteria wake ndio wa kwanza kuumwa mfumo ukimwagiwa sumu. Ikiruka ghafla na hewa iko sawa, usianze kuchokonoa tenki, zunguka wodini uulize leo kimemwagwa nini. Ikipanda taratibu wiki kwa wiki angalia ualkali na diski za hewa zilizoziba.

Tope: nusu ya kazi iko huku

Chemba ya kwanza nyonya kila mwaka, zile 5 kila miaka 2 au 3, na kila mara acha robo ya tope kama mbegu. Usikubali gari la kunyonya liondoke na tope la hospitali bila kujua linaenda kumwaga wapi, maana humo ndimo Cipro na doksisaiklini zimejificha na mayai ya minyoo yapo pia. Jenga kitanda cha kukaushia cha mchanga na kokoto ndani ya uzio wa hospitali, maji yanayochuja yarudi chemba ya kwanza. Likikauka lihifadhi sehemu iliyoezekwa miaka 2 au lifukie kwenye shimo lililosakafiwa mbali na visima. Kwenye bustani ya mboga hapana. Najua mbolea ni ghali na tope linavutia, watu watakuja kuliomba, wakatalie kwa upole na uwaeleze kwanini.

Vijana wanaoshika hii kazi wapewe mabuti, glavu ndefu, miwani, chanjo ya homa ya ini B na pepopunda, na sehemu ya kuoga palepale.

Kupima usugu kwa maabara yako mwenyewe

Kupima antibiotiki zenyewe kunataka mashine kubwa, lakini usugu unaweza kuupima kwenye maabara ya hospitali yenye uwezo wa kuotesha bakteria. WHO wana utaratibu wao wa mwaka 2021 wa kuhesabu E. koli (bakteria wa tumboni) wenye ESBL, yaani vimeng'enya vinavyovunja dawa kama seftriaksoni na sefotaksimu, na wazo lake ni rahisi: sahani mbili za kuoteshea, moja ya kawaida, nyingine imewekwa sefotaksimu maikrogramu 4 kwa mililita. Chukua maji ya kuingia na ya kutoka (kama yana klorini weka sodiamu thayosalfeti kwenye chupa ili kuizima), yazimue mara 10 mara 10, otesha kwenye zote mbili, kesho yake hesabu. Wanaoota kwenye sahani yenye dawa gawanya kwa wanaoota kwenye ya kawaida, unapata asilimia ya sugu. Fanya kila miezi 3, kiangazi na masika.

Angalia vitu viwili, idadi ya sugu kwa lita imeshuka kiasi gani, na asilimia yao imepanda au imeshuka. Idadi ikishuka mara elfu lakini asilimia ikipanda kutoka 20 mpaka 40, mfumo wako unaua wanyonge na kuwaacha wababe, rudi ukaangalie tope linalovuja kwenye chemba ya kutuliza na kiwango cha klorini.

Zile sahani zipige picha kabla hazijatupwa. Moja ipeleke kwenye kikao cha kamati ya dawa ya hospitali, iwekwe mezani pembeni ya leja ya seftriaksoni ya miezi hiyo hiyo 3, mganga mfawidhi na madaktari waione. Nyingine ibandike kwenye mlango wa chumba cha blowa, juu ya daftari.